Karatasi Iliyo Juu ya Friji



Mwezi uliopita binti yangu aliniletea karatasi ya mkutano wa wazazi. Nikaikunja, nikaiweka juu ya friji pamoja na nyingine. Akaniuliza, "Baba, mbona wewe huendi?" Nikamjibu kwamba shule ni ya wenyeji, sisi tunapita tu. Tangu siku ile jibu langu mwenyewe linanisumbua. Je, mgeni anadaiwa nini na shule inayomsomesha mwanawe?

Wengi wetu tunajua taabu ya kumwingiza mtoto shule. Tumesimama dirishani tukaambiwa turudi na karatasi tusizo nazo. Hata hivyo, sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza shule ya serikali kumnyima mtoto nafasi kwa sababu mzazi hajalipa ada, na mzazi asiyeweza anaruhusiwa kuomba msamaha wa ada. Desemba 2019, Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba hata mtoto asiye na vyeti ana haki ya elimu ya msingi, kwa kuwa Katiba inampa haki hiyo kila mtu, si raia peke yake.

Lakini sheria hiyohiyo ya 1996 ina sehemu tunayoiacha. Katika bodi ya shule, wazazi ni lazima wawazidi wajumbe wengine wote wenye kura. Ada nazo hupitishwa kwa kura za wazazi waliofika kwenye mkutano wa bajeti. Asiyefika hupangiwa, kisha hulalamika nyumbani.

Hapa Chatsworth tunao majirani wanaoitwa Wazanzibari. Mababu zao, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokolewa katika majahazi ya watumwa na kuletwa Durban kuanzia 1873. Walikaa King's Rest, kule Bluff, mpaka sheria ya kutenga makazi kwa rangi ilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Serikali iliwaandika kuwa "Waasia wengine". Siku hizo neno moja la karani liliamua mtoto asome shule ipi, maana tangu 1953 Waafrika walikuwa wametengewa elimu yao, duni kwa makusudi. Na Wahindi wa Natal, serikali ilipowapa shule chache, walichangishana wakajenga zao. Ikiwa watu walihangaikia shule chini ya sheria mbaya, sisi tulio chini ya sheria nzuri tutajitetea kwa lipi?

Najua majibu. Mmoja analinda magari mpaka usiku. Mwingine Kiingereza chake kinachekwa. Na hatujasahau Aprili 2015, ndugu zetu walipolala katika mahema hapahapa Chatsworth. Hofu hiyo si dhambi, na sitamlaumu mtu kwa ajili yake. Ila mama wa Kizulu anayetoka Bottlebrush naye amechoka, naye ada inamshinda, na mwanawe anakaa dawati moja na wetu. Tukienda kuwaombea watoto wetu peke yao, tutakuwa tumeomba upendeleo. Tukikaa karibu naye tukauliza habari za vyoo, vitabu na mwalimu wa hesabu kwa ajili ya wote, hapo tumedai haki.

Someni Nehemia sura ya 3. Wengi walijenga ukuta mbele ya nyumba zao wenyewe. Watu wa Tekoa hawakuwa wenyeji wa Yerusalemu, na wakuu wao walikataa kazi, lakini wao walijenga sehemu yao, kisha wakajenga na ya pili.

Karatasi nimeishusha. Ningependa tusiende mmojammoja: ambaye mwanawe anasoma shule moja na binti yangu, tuonane mlangoni baada ya ibada, tupange safari pamoja. Asiyejua Kiingereza atatafsiriwa na jirani yake.

Mbarikiwe.