Mlikuwa Mnawahi Nini?



Leo nataka tuongee kuhusu amri ya saba, ila tutapitia kwenye baiskeli. Wengi wetu tukitafuta dhambi kabla ya kuungama, amri hii tunaipita mbio. Hatujavunja duka la mtu, hatujachomoa simu ya mtu, basi, twende amri ya nane. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka Kwaresima moja huku kwetu Mbinga.

Tulikuwa watatu. Mwenzetu mmoja alikuwa amepata baiskeli ya gia, zile za milimani zenye tairi pana, na sisi wawili tukahangaika mpaka tukapata za kuazima. Wiki nzima tulikuwa tunaangalia video za vijana wa Uingereza wanavyoshuka vilima vyao: wanakatiza malisho ya kondoo, wanaingia msituni, wanaruka mizizi. Tukasema, jamani, hivyo ni vilima gani? Vilima viko kwetu Umatengo! Tukapanga Jumamosi tushuke kutoka Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay, kilometa zaidi ya 60, kutoka kwenye baridi ya kahawa mpaka kwenye joto la Ziwa Nyasa.

Lami ipo siku hizi, na inateremka vizuri kweli. Lakini lami haikututosha. Tulipofika sehemu fulani tukaona mteremko mkali wa shamba, kule chini barabara inazunguka na kurudi. Mwenzetu akasema, "Tukate hapa hapa." Tukakata.

Kwa wasomaji wasiotoka huku, inabidi nieleze ngoro. Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo kwingine watu wangeiachia mbuzi. Kwanza nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, ili zitengeneze miraba. Halafu udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Unapata mashimo yaliyozungukwa na matuta, mlima mzima, ukiuangalia kwa mbali ni kama sega la nyuki. Juu ya matuta ndipo maharage yanapandwa, mwezi wa tatu hivi, mvua zikiwa bado zipo. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake, hayapati nafasi ya kukusanyika na kukimbia na udongo. Nyasi zinaozea ndani zinakuwa mbolea. Wazee wetu waligundua hayo bila kufundishwa na mtaalamu yeyote kutoka nje, na leo wataalamu wanakuja kujifunza kwao.

Sasa, kwa baiskeli ya gia, ngoro ni raha isiyo kifani. Unaruka tuta, unazama shimoni, unaruka tena. Tulipiga kelele za furaha mpaka chini. Hakukuwa na mtu shambani. Tukafika barabarani tumejaa matope na vicheko, tukaendelea na safari.

Alasiri tukafika Mbamba Bay. Ufukweni akina mama walikuwa wameanika usipa, na karibu yao kulikuwa na nyavu zimetandazwa. Hakuna aliyetuambia kitu, lakini wote watatu tulishuka kwenye baiskeli, tukazikokota taratibu, tukazunguka mbali kabisa na ule usipa. Tukaamkia, "Shikamooni mama." Wakaitikia. Tukakaa kwenye mchanga tukaangalia maji, ng'ambo ya pili huko ni Malawi. Jioni tukapakia baiskeli kwenye fuso, tukarudi zetu juu.

Usiku ule mvua ilinyesha. Mvua ya Mbinga mnaijua.

Siku chache baadaye nilipita barabara ile ile nikiwa kwenye bodaboda. Nikainua macho kwenye lile shamba. Kulikuwa na mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, kama mtu aliyekwaruzwa na msumari. Pale tairi zetu zilipokata tuta, maji ya shimo la juu yaliingia la chini yake, ya mashimo mawili yakaingia la tatu, na kuendelea hivyo hivyo. Udongo na maharage yaliyopandwa vilikuwa vimelala kwenye mtaro wa barabara.

Nilianza kujitetea, ingawa hakuna aliyenishtaki. Nilisema, sikuchukua kitu. Nilipita tu. Tena mlima ni wa Mungu. Mtu aliyesoma kidogo anaweza hata kufungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2402, aonyeshe kwamba Mungu aliwapa wanadamu wote dunia na mema yake, na kwamba haki ya mtu kumiliki chake haifuti zawadi hiyo. Ni kweli kabisa. Biblia nayo inampenda mpita njia. Mwishoni mwa sura ya 23 ya Kumbukumbu la Torati, mtu anayepita katika shamba la jirani yake anaruhusiwa kula zabibu mpaka ashibe, na kukwanyua masuke kwa mkono. Ndiyo maana katika Mathayo 12 wanafunzi wa Yesu wanapokula ngano ya watu njiani, Mafarisayo wanalalamikia Sabato. Wizi hawautaji kabisa.

Lakini ile sheria ina upande wa pili. Kula, ila usitie kwenye chombo chako. Kwanyua kwa mkono, ila usipeleke mundu. Yaani njaa yako inakuruhusu kuingia, lakini jasho la mwenye shamba linakuwekea mpaka. Sisi hatukuwa hata na njaa. Na hatukuingia kwa mkono, tuliingia na mundu wa magurudumu.

Halafu nikakumbuka zile video. Kule Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu baiskeli kupita kwenye njia za zamani za wapanda farasi, njia ambazo nyingi zinakatiza mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba hawezi kumzuia mwendesha baiskeli kwenye njia hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye baiskeli awapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Haki na kupisha vimefungwa pamoja. Na kweli kwenye video wale vijana wanafika kwenye geti la malisho, wanashuka, wanafungua, wanapita, wanalifunga tena ili kondoo wasitoke. Sisi tulipofika sehemu hizo tulikuwa tunaisogeza video mbele. Tulikuwa tunataka miteremko tu.

Kilichonikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, ni ule usipa. Kama hatukujua kuheshimu kazi ya mtu, mbona ufukweni tulijua? Siku ile ile, miguu ile ile. Jibu ni moja na linaaibisha: ufukweni wenyewe walikuwepo wanatuangalia. Tulichoheshimu ni macho yao. Kazi yao wala hatukuifikiria. Ikiwa heshima yangu inahitaji mwenye mali awe amesimama pale, basi mimi si mwaminifu, nimebanwa tu.

Nilienda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, nikawa nasubiri aniambie ni Baba Yetu ngapi. Akaniuliza, "Mwenye shamba umemwona?" Nikasema hapana. Akanikumbusha kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini halizibi tuta. Aliyemdhuru jirani anatakiwa kufanya awezalo kurekebisha. Nikatoka na malipizi yenye mpini.

Nilimkuta bibi mmoja, mzee kiasi cha bibi yangu mzaa mama. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamweleza nani alifanya. Alikaa kimya kidogo, halafu hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Mlikuwa mnawahi nini?"

Sikuwa na jibu. Hatukuwa tunawahi kitu chochote. Hakukuwa na mgonjwa, hakukuwa na mtihani, hakukuwa na gari la kukimbilia. Siku zake tatu nne za kuinamisha mgongo tulizitumia kupata dakika moja ya raha.

Akanipa fyekeo, kazi ya kukata na kulaza nyasi huku kwetu kwa kawaida ni ya wanaume, kuchimba ni kwa wanawake. Nilipolaza nyasi vibaya alizitoa akaniambia nianze upya. Baadaye nikaomba na jembe, akacheka, akanipa. Mpaka jua la saa nane tulikuwa tumerudisha mashimo machache tu. Ule udongo ulioenda mtaroni haukurudi wote. Mbegu nilimletea, lakini wiki zilizopotea sikuwa na mahali pa kuzinunua. Nayasema haya kwa sababu tusidanganyane: kuna madhara ambayo tunasamehewa na bado yanabaki shambani kwa mtu mwingine.

Je, niache kuendesha baiskeli? Hapana. Bado naendesha, na ule mteremko wa kwenda ziwani bado unanifanya nimshukuru Mungu kwa sauti. Furaha ya kijana si dhambi, na haraka yenyewe si dhambi. Luka 1:39 inatuambia Bikira Maria alikwenda kwa haraka katika nchi ya milima. Lakini yeye ukimwuliza lile swali la bibi, jibu analo: alikuwa anamwahi Elizabeti. Haraka yake ilikuwa na mtu mwishoni.

Siku hizi nina kanuni yangu ndogo. Anayecheza ampishe anayefanya kazi. Anayeshuka ampishe anayepanda, hasa yule baba anayesukuma baiskeli yenye gunia la kahawa kwenye keria, maana mimi nikisimama napoteza sekunde, yeye akisimama anapoteza pumzi. Na mahali ambapo hakuna mtu, nipite kana kwamba mwenye shamba amekaa palepale anaangalia. Mungu kwa vyovyote yupo.

Kijana mwenzangu, wiki hii kabla ya kulala jiulize: leo nimepita juu ya kazi ya nani? Yule anayefagia hosteli, mama aliyenipikia, mwenzangu aliyeandika notisi nikapiga picha bila hata asante? Na je, kuna tuta ninalotakiwa kurudi kulijenga?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyepita katikati ya mashamba ya watu kwa miguu, utufundishe kupita duniani bila kumharibia mwenzetu. Utupe macho ya kuona jasho hata pale mwenye jasho hayupo. Na tulipokwisha kuharibu, utupe ujasiri wa kurudi na jembe. Amina.