Mwindaji na Amana

Je, mkono uuao waweza kulinda? Wengi hujibu upesi kwamba hauwezi. Kwao mwindaji na mlinzi ni watu wawili, kama mwizi na bawabu. Historia ya Marekani hairuhusu jibu la haraka.

Katika karne ya 19 njiwa wahamaji wa nchi ile walikadiriwa kwa maelfu ya mamilioni. Waliwindwa bila kiasi kwa ajili ya soko, na misitu yao ikakatwa. Wa mwisho alikufa tunduni, mjini Cincinnati, mwaka 1914. Walakini miongoni mwa wenye bunduki walitokea watu waliotaka mipaka. Mwaka 1934 sheria iliwataka wawindaji wa bata wa mwitu wanunue stempu ya dola 1, na fedha zake zinunue vinamasi viwe makimbilio ya ndege. Mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi ilitengwa kwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1950 kodi ya vifaa vya uvuvi ikatengwa vivyo hivyo kwa samaki. Mipango hiyo ingaliko hata leo.

Atatokea mtu aseme kwamba hiyo si fadhila. Ni hesabu ya mfugaji anenepeshaye ng'ombe wa kuchinja. Neno hilo lina uzito. Mwindaji alitaka bata wa kesho, na nia yake haikuwa safi kama maji ya mvua. Hata hivyo, kinamasi kilichonunuliwa kwa ajili ya bata hakimfukuzi korongo wala chura, ambao stempu haikuwataja. Tendo lilikuwa kubwa kuliko nia.

Lakini ukubwa wa tendo hautoshi kumfanya mtendaji kuwa mwema. Hatari ya mlipaji ni kudhani kwamba amekimiliki alichokilipia. Ardhi ya umma ni amana: ina haki ndani yake mtembeaji asiye na silaha, na mtoto ambaye hajazaliwa. Basi mwindaji hupimwa siku anapoambiwa kwamba mwaka huu bata ni wachache, ashushe bunduki. Akitii kwa kunung'unika, yeye ni mteja aliyekosa bidhaa. Akitii kwa radhi, hata pasipo askari wa kumwona, hapo amekuwa mlinzi.

Nasi tusiowinda tusijigambe. Mikono isiyo na damu, ikiwa pia haitoi kitu, haijaokoa kinamasi hata kimoja.