Kinyago na Aliyekichonga

Methali ya Waswahili yasema kwamba kinyago cha kuchonga mwenyewe hakimtishi mtu. Aghalabu hutamkwa kwa dharau: mtu mnyonge aliyeinuliwa na wenzake huambiwa hivyo siku aanzapo kuwatisha waliomwinua. Lakini ndani ya methali hii mna jambo jingine ambalo wasemaji wengi hulipita. Yadai kwamba mchongaji anajua kila kilichomo katika kazi yake, kwa hiyo hapana kitu ndani yake kiwezacho kumshtua. Je, dai hilo ni kweli? Na kama ni kweli, mtu anayewauzia wengine hofu asiyokuwa nayo mwenyewe aitwe msanii au aitwe mwongo?

Swali hili lina haki ya kuulizwa Pongwe. Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga katika njia ya kwenda Muheza, ni nchi ya mawe ya chokaa, na mawe yake husagwa yakawa saruji. Kabla ya saruji utajiri wa upande huu ulikuwa mkonge. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga walifanya kazi, zamani za ukoloni, watu waliotoka mbali sana, na miongoni mwao walikuwamo Wamakonde waliouacha uwanda wa Mueda katika Msumbiji, wakavuka mto Ruvuma kutafuta ujira. Mchana mikono yao ilikuwa mali ya shamba. Lakini mikono hiyo ilikuja na elimu ambayo msimamizi wa shamba hakuiajiri wala hakuijua, nayo ni elimu ya tezo na patasi.

Wenyeji wa pwani hii, Wadigo, Wasegeju na Wabondei, hawakuwa wageni wa patasi. Milango ya miji yao ilichongwa nakshi, na makaburi ya Tongoni, kusini ya Tanga, yangali yanashuhudia jinsi mafundi wa zamani walivyolitiisha jiwe la matumbawe. Lakini uso wa mtu hawakuuchonga. Waislamu wamefundishwa kwamba kuumba sura ni kazi ya Muumba peke yake, na kwamba mwenye kufanya sanamu atatakiwa kuitia roho, naye hataweza. Mafundisho haya yasidhaniwe kuwa ni chuki ya watu wasiopenda sanaa. Yamebeba swali lile lile la methali, ila yameliuliza kwa ukali zaidi: Binadamu ana haki gani ya kutengeneza kitu kinachojifanya hai ilhali yeye ajua kuwa si hai?

Katika mila ya Wamakonde jibu la kwanza lilikuwa mapiko, yaani barakoa za ngoma ya jando. Lipiko lilichongwa mahali pa siri kwa mti mwepesi. Lilipotoka uwanjani limevaliwa na mchezaji, wanawake na watoto waliambiwa kuwa ni mzuka uliorudi. Mchongaji alijua siri, mchezaji aliijua, na kila kijana aliyetoka jandoni aliijua. Hapa methali ni kweli tupu: kinyago hakikumtisha aliyekichonga. Hata hivyo hapana aliyemwita mchongaji mwongo, kwa sababu siri ile ilikuwa mali ya mji mzima, na mtoto aliyetishwa leo alikuwa ndiye mwenye siri kesho.

Mambo yalibadilika mpingo ulipoingia sokoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Dar es Salaam, wachongaji wa Kimakonde waliacha kidogo kidogo sanamu za mzee mwenye mkongojo na mama mwenye mtungi, ambazo wanunuzi wa Kizungu walizipenda kwa kuwa hazikuwauliza kitu. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani: kiumbe chenye jicho moja, kinywa kilichopasuka, viungo vilivyojinyonga kama mizizi. Mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi hizo na kuwatia moyo waliozichonga. Wachongaji wa mtindo huu husema kwamba hulifuata gogo lenyewe, penye fundo wakazunguka, penye uwazi wakaingia. Ikiwa wasemavyo ni kweli, basi methali imepata mpinzani. Mtu anayelifuata gogo hajui mwisho wake, na kitu ambacho mwisho wake haujulikani chaweza kumshtua hata fundi wake. Zaidi ya hayo, shetani hakuiga umbo lolote la Muumba. Mwalimu wa dini huenda asiridhike na utetezi huo, na ana haki ya kutoridhika; lakini ni utetezi, si hila.

Shetani wa kwanza, basi, hakuwa uongo. Taabu ilianza kwa shetani wa mia. Mnunuzi aliyeona jicho moja alitaka jicho moja, na mchongaji mwenye watoto wa kulisha alimpa jicho moja. Mkono ulioujua mshangao mara moja ukaurudia kwa kipimo, na wengine, mpingo ulipokuwa ghali, wakachonga mti mweupe na kuupaka rangi ya viatu. Kwa rangi hiyo hapana mjadala: ni udanganyifu, na hata njaa haiwezi kuubadili jina. Lakini kule kurudia hakuhukumiwi kwa urahisi namna hiyo. Fundi wa milango hurudia nakshi ya baba yake, naye husifiwa. Tofauti ni kwamba mlango haudai kuwa umeota ndoto, na shetani adai hivyo.

Kisa cha Roberto Yakobo Sangwani chaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Alichonga watu waliopandana wakimwinua mmoja, akauita mtindo wake dimoongo, na mfano wake ulikuwa mshindi wa mieleka akichukuliwa juu na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mtindo huo ulijulikana kwa jina la ujamaa. Jina jipya lilikuwa tukufu, na sanamu zilifika mbali kwa sababu yake. Lakini mshindi alipotea katikati. Mtazamaji akafundishwa kuona taifa pale fundi alipokuwa ameona jasho la mchezo. Nani alisema uongo hapo? Si mchongaji, kwani mti ulikuwa ule ule.

Uongo huhitaji msemaji, na hapa ndipo palipo na kiini cha jambo. Mwaka 1907 Picasso alizitazama barakoa za Kiafrika katika jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, na uchongaji na uchoraji wa Ulaya ukageuka njia. Waliozichonga barakoa zile hawakuandikwa majina. Mwaka 1989, katika mji ule ule wa Paris, kazi za John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, ziliwekwa katika maonyesho ya Magiciens de la terre, na jina lake likiwa kando yake. Watu wameiona tofauti hiyo kuwa ni heshima, na ni heshima kweli. Ila ni mzigo pia. Mwenye jina aweza kuulizwa: Je, hiki kilikushtua wewe mwenyewe, au umekirudia? Asiye na jina haulizwi. Duka linaloandika bei chini ya kinyago bila ya kuandika fundi limemnyang'anya sifa yake, na papo hapo limemwondolea dhamana yake, kisha lamlaumu kwa kuchonga kitu kimoja kila siku.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Gogo lililoko mbele ya mchongaji leo lilikuwa mche wakati Wamakonde walipokuwa wakikata mkonge katika mashamba ya Tanga. Mnunuzi hulipata kwa robo saa ya kupatana bei, akalifunga katika gazeti, akaondoka nalo, na katika robo saa hiyo aghalabu huuliza uzito wake, na kama litapasuka katika nchi ya baridi.