Hofu ya Sindano si Upungufu wa Imani



Yako maneno ambayo twayasema karibu na kitanda cha mgonjwa tukidhani tumemfariji, kumbe tumemwongezea mzigo. Mojawapo ni hili: "Mtu wa imani haogopi." Nimelisikia likisemwa kwa wagonjwa wa saratani, hasa wale wanaotetemeka kila waitwapo kuchomwa sindano, na wale wasiopata usingizi juma zima kabla ya kupigwa picha za vipimo. Leo nataka tulipime neno hilo kwa Maandiko, maana naamini si la kweli, tena limekwisha kuleta hasara.

Alikuwako mama mmoja aliyesali nasi kwa miaka mingi. Aliandikiwa dawa za saratani za kupitishwa mshipani, ambazo hutolewa kwa awamu, kila baada ya majuma kadhaa. Kila alipoiona kanula viganja vililowa jasho, na awamu ya pili alizirai kitini. Aliporudi nyumbani, baadhi ya waliokuja kumjulia hali walimwambia atubu, kwa kuwa hofu ile yaonyesha hajamwachia Mungu mambo yake. Aliona haya sana. Awamu ya tatu hakwenda, wala hakumwambia mtu sababu. Alisema nauli imekosekana. Ikapita miezi minne. Aliporudi hospitali ugonjwa ulikuwa umeenea, na mwaka uliofuata tulimzika. Sisemi kwamba angalipona. Nasema kwamba miezi minne ile alikaa peke yake na hofu yake, katikati ya kanisa lililojaa watu, kwa sababu ni sisi tuliomtia aibu.

Basi tumtazame Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane. Mtakatifu Marko, katika sura ya 14, hafichi jambo: asema kwamba Yesu alishikwa na fadhaa na uchungu mkubwa. Mtakatifu Luka ataja jasho lililodondoka kama matone ya damu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, wakumbusha kwamba aliomba kwa kulia na kwa machozi. Huyu ni Mwana wa Mungu, asiye na dhambi. Ikiwa kuogopa kitakachotendwa katika mwili ni dhambi, tutamweka wapi Bwana wetu usiku ule? Hatuwezi kumwambia mgonjwa jambo ambalo hatuthubutu kumwambia Kristo.

Tazameni pia aliyoyafanya katika hofu ile. Kwanza, aliisema. Hakuwaficha rafiki zake. Aliwaambia kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Tena aliomba watu wa kukesha naye, watatu tu, kwa saa moja. Kisha alisali, na Mathayo atuambia kwamba mara ya tatu alisali kwa maneno yale yale. Hakutafuta sala ndefu yenye ufasaha. Mwishowe aliinuka akaenda, na sioni mahali palipoandikwa kwamba hofu ilikuwa imekwisha ndipo akaenda. Wagonjwa wengi hungoja hofu iishe ndipo wapande basi kwenda kliniki. Hofu haina haja ya kuisha. Yaweza kupanda basi pamoja nawe.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa habari za Pavlov, yule mtaalamu wa Urusi, na mbwa wake. Mbwa alizoezwa kupewa chakula kila kengele ilipolia, hata ikawa akisikia kengele tu mate yanamtoka, chakula kisiwepo. Mwili wa binadamu nao hujifunza hivyo. Mgonjwa aliyetapika baada ya dawa mara mbili tatu, awamu ijayo huanza kichefuchefu akiwa bado langoni, kwa harufu tu ya dawa ya kusafishia sakafu. Si udhaifu wa roho. Ni mwili mwanafunzi hodari, aliyeshika somo ambalo hatukutaka alishike. Daktari aambiwe, kwa kuwa zipo dawa za kutuliza kichefuchefu hata kabla hakijaanza, na mgonjwa asipolisema daktari hatalijua.

Kuzirai nako kuna sababu yake. Hofu nyingine hupandisha mapigo ya moyo na kuyaacha juu. Lakini kwa watu wengine, mbele ya sindano au damu, mapigo hupanda kidogo kisha hushuka ghafula, na presha ya damu hushuka pamoja nayo. Damu ikipungua kichwani mtu huona giza na kuanguka. Jambo hili mara nyingi hupita katika ukoo, kama vile umbo la pua. Walimu waliosimamia chanjo shuleni wanalijua: mtoto anayekemewa asilie, asimame kama mwanamume, ndiye aangukaye mstarini, yule anayeruhusiwa kulala juu ya benchi hudungwa akaenda zake.

Iko njia ya kusaidia, ambayo mtaalamu wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na wenzake waliieleza katika miaka ya 1980. Ukiwa umeketi au kulala, kaza misuli ya miguu, ya tumbo, na ya mkono usiochomwa, kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uone uso unapata joto. Kisha legeza kiasi, kwa muda wa nusu dakika hivi, ukaze tena. Fanya hivyo mara tano. Kukaza huko huipandisha presha isianguke. Jizoeze nyumbani kabla ya siku yenyewe, na mkono utakaochomwa uuache umelegea, maana mshipa hupatikana vyema katika mkono uliotulia. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye presha ya kupanda, amwulize daktari kwanza.

Mengine ni madogo lakini yana faida. Mwambie muuguzi mapema, "Mimi huogopa sindano, naomba nilale." Hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Kama hukukatazwa kula na kunywa, kunywa maji ya kutosha asubuhi, na mkono uwe na joto. Mishipa ya mtu aliyekauka na kupoa hujificha. Usitazame ikiwa kutazama kunakuletea giza, na usilazimishwe kutazama. Eliya alipokimbia kwa hofu ya Yezebeli, akalala chini ya mti akitamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena (1 Wafalme 19). Mahubiri yalikuja baadaye, mlimani, tena kwa sauti ndogo. Ninyi mnaowatembelea wagonjwa, shikeni utaratibu huo huo: uji kwanza.

Sasa niseme juu ya vipimo, ambako hofu ni ya namna nyingine. Sindano ni ya dakika moja. Picha huogopwa kabla, na majibu yake huogopwa baada, siku hata majuma.

Hofu hii ina umri sawa na picha zenyewe. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, huko Ujerumani, alipogundua miale ya eksirei, alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Yasimuliwa kwamba mama yule alipoiona mifupa yake na pete kidoleni alishtuka, akaona kana kwamba ameyaona mauti yake. Wagonjwa wetu wanapolitazama bahasha kubwa lenye picha wanamwelewa vyema. Lakini picha haileti ugonjwa. Yaonyesha tu kilichokuwamo, ili daktari asitibu gizani.

Mashine ya CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipimwa nayo London mwaka 1971, ni kama tairi kubwa. Kitanda hupita katikati yake, na kazi yenyewe huchukua dakika chache. (Wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa kazi hiyo ni Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg.) Ukitiwa ile dawa ya kung'arisha picha, waweza kusikia joto likikimbia mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na kuona kana kwamba umejikojolea. Hujajikojolea. Hupita upesi. Kama kuna dawa inayokudhuru, au una ugonjwa wa figo, kisukari au mimba, sema kabla. Mashine ya MRI ni ndefu kama handaki, hugonga kwa kelele kubwa, na yaweza kukuweka nusu saa au zaidi. Haitumii miale ya eksirei, ila vyuma vyote vivuliwe. Wengi wasiopenda mahali pembamba husaidika kwa kufumba macho kabla ya kuingizwa, wasiyafumbue mpaka watoke. Hupewa pia kitufe cha kubonyeza wakitaka kutolewa. Aliyeambiwa haya mapema huingia akiwa na hofu moja. Asiyeambiwa huingia na kumi.

Hata hivyo, siku za kungoja majibu ndizo ngumu kuliko zote, nami sina dawa yake. Lakini kalenda ya Kanisa inayo siku inayofanana nazo. Tunaijua Ijumaa Kuu, tunaijua Pasaka. Ile Jumamosi ya katikati twaipita tukifua kanzu na kupamba altare. Injili nazo zaieleza kwa ufupi mno. Mtakatifu Luka atuambia tu kwamba wale wanawake waliotayarisha manukato walipumzika siku ya Sabato kama ilivyoamriwa. Hawakujua kitakachokuja Jumapili. Hawakuwa na jibu. Walifanya yaliyo mkononi mwao, kisha wakapumzika. Yule aliyepigwa picha Jumatatu na kuambiwa arudi baada ya siku kumi amekaa katika Jumamosi ile, na Kristo naye alikuwamo ndani yake, kaburini. Asiulizwe kila saa kama amesikia chochote. Apewe kazi ndogo ya mikono, na mtu wa kuzungumza naye habari za mahindi na wajukuu. Kabla hajatoka hospitali aulize: majibu yatakuwa tayari siku gani, na nani atanieleza? Siku yenyewe asiende peke yake, kwa sababu mtu akisikia neno moja la kutisha, masikio huziba asisikie mengine. Wa pili asikilize na kuandika. Na karatasi ya majibu isisomwe njiani kwa kukisia maana, wala isipelekwe kwa jirani mwenye simu ili aitafsiri.

Mtu aniambie basi, je, mgonjwa asiombe? Aombe, tena sana. Mfalme Hezekia, katika Isaya 38, alipoambiwa atakufa aligeuza uso ukutani, akaomba, akalia sana. Na Mungu aliyasikia maombi na kuyaona machozi, akamwongezea miaka 15. Isaya akaagiza bumunda la tini liwekwe juu ya jipu. Maombi, machozi na dawa vimo katika sura moja, wala nabii hakuona kimoja kinaharibu kingine. Anayetaka kupakwa mafuta kabla ya awamu ijayo amwambie Padri, naye atafika nyumbani. Kwa saa ya sindano yenyewe, sala fupi yatosha, irudiwe kila pumzi kama Bwana alivyorudia yake: "Bwana Yesu, wewe uliogopa; kaa nami." Hakuna haja ya kuongeza.

Lakini wale wanafunzi watatu walilala. Hilo ndilo linalotuhusu sisi tulio wazima. Waliombwa saa moja, wakashindwa, na hawakushindwa kwa ubaya, bali kwa uchovu na huzuni. Kutoka huku kwetu Tanga hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 300, na mgonjwa wa mionzi huenda akalazimika kukaa huko majuma kadhaa akihudhuria karibu kila siku. Hakuna familia moja inayoweza kukesha peke yake muda wote huo. Kwa hiyo, mwenye kliniki katika mwezi ujao na aandikishe tarehe yake kwa katibu wa Umoja wa Akina Mama baada ya Misa, ili atakayemsindikiza ajulikane mapema na kuomba ruhusa kazini. Mwenye ndugu Dar es Salaam anayeweza kumlaza mgonjwa na aseme. Wanaume wasione haya kuandikisha. Wao nao huzirai, tena huanguka kwa kishindo kikubwa zaidi.