MOTERE YA ZAMANI IKO WAPI?

Masomo: Ezekieli 36:26, Matendo ya Mitume 19:18-19, Matayo 5:23-24



Leo tuanzie garajeni, kisha tutaingia kanisani.

Tarehe 19 Mei 2018, kule Windsor, Uingereza, Harry, mjukuu wa malkia Elizabeth wa pili, alifunga ndoa. Jioni alimpandisha mke wake katika motokari ya Jaguar E-Type ya mwaka 1968, ile ya kufunguka juu, akaiendesha mwenyewe. Watu waliona gari zuri la zamani, lakini hawakusikia ngurumo, wala moshi haukutoka nyuma. Mafundi walikuwa wametoa motere ya petroli yenye silinda sita, wakaweka batri kubwa pahali pake, na nyuma ya batri motere ya umeme.

Habari hii si ya mbali na sisi. Batri nyingi za motokari za umeme zina kobalti ndani yake, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa katika udongo wetu, Lualaba na Katanga.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapa.

La kwanza: mafundi hawakudharau mwili wa gari. Umbo ni lile lile. Vivyo hivyo, Mungu akikupa moyo mpya hakubadilishi sura yako, wala kijiji chako, wala lugha ya mama yako. Jirani hataujua upya wako kwa kukutazama umesimama. Ataujua ukianza kutembea.

La pili: mafundi walipima. Batri ilifanywa kwa ukubwa wa motere ile ya zamani, na gari zima likawa jepesi kwa kilo 46 kuliko lilivyokuwa. Ndiyo sababu freni na resori za zamani ziliweza kubaki. Sisi tunajua gari lililopewa motere ya nguvu bila kuangalia freni. Siku ya kwanza linakimbia, watoto wanapiga makofi. Siku ya kushuka mlima, watu wanalia. Je, hatuoni hayo hata kati yetu? Mtu anapokea kipawa cha kuombea wagonjwa, au sauti nzuri ya kuimba, au cheo katika parokia, lakini ulimi wake hauna freni. Tusiombe nguvu tu. Tuombe pia kiasi.

La tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mafundi wale walisema wenyewe kwamba ile motere ya petroli inaweza kurudishwa siku yoyote, kwa sababu hawakuharibu kitu katika mwili wa gari. Kwa mwenye gari hiyo ni akili, maana gari la zamani lina bei likibaki kama lilivyozaliwa. Lakini kwa mkristo ni hatari kubwa. Mtu aliyepokea moyo mpya, na ule wa zamani ameufunika kwa turubai ndani ya stoo, bado hajaamua.

Watu wa Efeso hawakufanya hivyo. Walileta vitabu vyao vya uchawi wakavichoma mbele ya wote, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza au kuvificha. Na mwaka 1921, watu walipomsikiliza Tata Simon Kimbangu kule Nkamba, walitupa mafetishi yao njiani. Hawakubakiza moja nyumbani ati maombi yakishindwa.

Sasa niseme habari zangu, maana shemasi asihukumu stoo za wengine na yake imefungwa. Baba yetu alipokufa, mimi na mdogo wangu tuligombana juu ya kiwanja. Wazee wa kanisa walitupatanisha, tukashikana mikono mbele ya parokia. Lakini nilikuwa na daftari. Ndani yake niliandika kila franka na kila neno baya alilonitolea. Kwa miaka tisa nilisimama siku za nsinsani nikihesabu matoleo ya watu wa Mungu, na daftari lile liko chini ya godoro.

Mke wangu alilipata alipokuwa akisafisha. Akauliza, "Papa, hiki ni nini?" Nikajibu, "Ni mambo ya zamani." Akasema, "Kama ni ya zamani, mbona wino wa ukurasa huu wa mwisho ni mpya?"

Nililichukua mpaka kwa mdogo wangu. Alisoma polepole, kisha akaniuliza, "Yaya, kumbe miaka tisa yote nilikula mezani pako ukiwa unaniandika?" Sikuwa na jibu. Tulilichoma nyuma ya jiko. Hakunikumbatia siku ile. Zilipita wiki tatu ndipo akaja tena kula kwangu, na safari hii nilikuwa mimi mwenye kunyamaza.

Wapendwa, sijui wewe umeweka nini. Labda ni dawa iliyofungwa katika kitambaa kwenye dari. Labda ni namba ya simu ya mwanamke asiye wako. Labda ni chupa. Labda, kama mimi, ni hesabu ya makosa ya ndugu yako. Bwana wetu ametuambia tuiache sadaka mbele ya madhabahu, tukapatane kwanza.

Basi kabla ya ibada ya Jumapili, kila mmoja afungue stoo yake. Mungu Baba ameshatupa motere mpya. Ile ya zamani tuitoe nyumbani, tusiirudie tena.

Bwana atusaidie. Amina.