HEKIMA NA KIMO
Somo: Luka 2:41–52



Mwinjili Luka anatueleza utoto wa Bwana wetu kwa maneno machache sana, na katika hayo machache ametaja mambo mawili yaliyokua ndani yake: hekima na kimo. Naomba mtazame ni lipi lililotangulia. Luka hakuudharau mwili. Mwana wa Mungu alirefuka kama watoto wetu wanavyorefuka, na bila shaka Bibi Mariamu alikuwa na kazi ya kushusha pindo za nguo. Lakini hekima imetajwa kwanza, na tumekwisha kuonyeshwa ilikolelewa: Hekaluni, mtoto wa miaka 12 ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali.

Nimechagua somo hili kwa ajili ya vijana wetu warefu. Hapa Tunduma, na hata Mlowo na Vwawa, kijana akianza kuinamisha kichwa anapopita mlangoni, watu humwambia, "Wewe nenda Marekani ukacheze mpira wa kikapu, utasomeshwa bure." Mzazi husikia, naye hufurahi. Baada ya muda kijana mwenyewe huamini, na tangu siku ile daftari la hisabati hulala chini ya kitanda pamoja na viatu vilivyochakaa.

Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Vyuo vikuu vya Marekani huwalipia masomo wachezaji hodari, na wa kwetu amekwisha kwenda. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye futi 7 na inchi 3, alisoma Makongo, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Lakini wanaosimulia habari zake hupenda kuruka sehemu ya katikati. Hakupaa kutoka Makongo mpaka chuo kikuu. Kwanza aliketi darasani katika shule za sekondari za Marekani, na ya mwisho ilikuwa shule ya Kikristo mjini Houston, ambako alimaliza mwaka 2006.

Ilimpasa kufanya hivyo kwa kuwa mlango ule unalindwa. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu huko, kiitwacho NCAA, kiliweka kanuni mwaka 1983, zikaanza kutumika 1986, kwamba mwanafunzi asiyefikia alama fulani hachezi mwaka wake wa kwanza. Kanuni hizo zimebadilika mara kadhaa. Kwa vyuo vya daraja la juu sasa hutakiwa masomo 16 ya msingi ya sekondari, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi, elimu ya jamii na mengine ya namna hiyo, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo chao cha 4. Mwaka 2023 waliuondoa mtihani wa kuingilia chuo kama sharti la kucheza, na wako walioshangilia kwamba mlango umepanuka. Mimi naona uzito wote sasa umehamia kwenye alama za darasani, tena si za mwaka wa mwisho tu, maana huulizwa matokeo ya sekondari tangu mwanzo wake. Kwa hiyo mtoto wetu hufuatwa na kidato cha kwanza alichokipuuza mpaka ng'ambo ya bahari.

Hata chuo chenyewe hupimwa. Mwaka 2013 chuo kile kile cha Connecticut kilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu alama za masomo za wachezaji wake wa miaka iliyotangulia zilikuwa chini ya kiwango. Mwaka uliofuata kilirudi, kikatwaa ubingwa.

Sasa niwaeleze habari za watu wawili, maana naona mara nyingi tunaogopa jambo lisilo kubwa zaidi. Tunaogopa mtoto asije akakataliwa mlangoni. Hilo ni chungu, lakini liko baya kuliko hilo.

Wa kwanza ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan ya Kusini, mchunga ng'ombe mwenye futi 7 na inchi 7. Alipelekwa Marekani mwaka 1983, na chuo kikuu kimoja cha Cleveland kilimtaka sana. Lakini Kiingereza hakukijua. Alifundishwa kwa miezi kadhaa, na bado hakufikia kiwango cha kupokelewa, wala hakukichezea chuo kile hata mchezo mmoja. Baadaye chuo hicho kiliadhibiwa kwa kumpa yeye na Waafrika wengine wawili msaada usioruhusiwa. Bol alikwenda chuo kidogo cha Bridgeport, na mwaka 1985 akaingia ligi ya kulipwa. Fedha zake nyingi alizitoa kwa ajili ya watu wake waliokuwa katika vita. Alifariki mwaka 2010, akiwa ametoka nyumbani katika juhudi za kujenga shule kijijini kwao Turalei. Huyu alikataliwa kwa ajili ya kusoma, akajua thamani ya kusoma.

Wa pili hakukataliwa. Ni Kevin Ross, Mmarekani mweusi, aliyepokelewa Chuo Kikuu cha Creighton mwaka 1978 kwa ajili ya mpira wa kikapu, ingawa katika mtihani wa kuingilia alikuwa amepata 9 kati ya 36. Alikaa miaka minne. Kwa mujibu wa madai aliyoyapeleka mahakamani, alishauriwa kuchukua masomo kama kulenga shabaha na nadharia ya mpira wa kikapu, na alipoondoka mwaka 1982 bila shahada, lugha yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne. Basi mtu mzima yule, mrefu kupita mlango, akaenda Chicago kwenye shule ya mama mmoja mwalimu, Marva Collins, akaketi na watoto wadogo, magoti yakigonga dawati, akaanza kujifunza kusoma. Mwaka 1989 alikishitaki chuo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ilikataa sehemu kubwa ya madai yake, ila ilikubali kwamba yaweza kusikilizwa kama chuo kilivunja ahadi ya kumpa nafasi ya kweli ya kusoma. Wakapatana kwa dola 30,000.

Creighton ni chuo cha ndugu zetu Wakatoliki, kina kanisa na Misa. Sisemi hivi kwa kuwanyoshea kidole. Nasema ili tusidhani kwamba msalaba juu ya lango unazuia dhambi hii. Maana ni dhambi, ndugu zangu. Ni kumtumia mtoto wa mtu kwa kimo chake, na kumrudisha nyumbani akiwa mtupu. Nani angempeleka ng'ombe wake kulima shamba la jirani miaka minne asipewe hata majani?

Wala tusiitafute dhambi hii Marekani peke yake. Katika chuo kimoja cha ualimu nilikofanya kazi alikuwako mwanachuo hodari sana wa michezo aliyeshindwa vibaya mazoezi ya kufundisha. Katika kikao cha walimu mmoja alisema, "Mpeni alama, Jumamosi tunamhitaji." Wengine tulikataa, lakini alama zilipatikana. Jumamosi chuo kilishinda. Jumatatu ya miezi michache baadaye kijana yule alisimama mbele ya watoto 60 wa darasa la tano asijue kugawanya sehemu kwa sehemu. Nimewafikiria wale watoto 60 mara nyingi kuliko kile kikombe.

Na wale tunaowaita mamluki katika michezo ya mashule, watoto wanaochezeshwa kwa jina la shule wasiyosoma, au kwa umri usio wao, ni nini kama si jambo hilo hilo? Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mshindani havikwi taji asiposhindana kwa halali. Nakumbusha kwamba hata jina la michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, limebeba neno taaluma katikati yake. Waliolitunga walijua. Sisi tumebaki na michezo, taaluma tukaimeza.

Wazazi wengine watasema, "Mwalimu, mtoto wangu ana kipaji, masomo si fungu lake." Kipaji ni cha Mungu, nami sikidharau. Lakini Waisraeli nao walimpenda Sauli kwa kuwa aliwazidi watu wote kuanzia mabegani, na siku ya kutangazwa mfalme alikutwa amejificha kwenye mizigo. Samweli naye, nabii mzima, nusura apotezwe na kimo cha Eliabu. Mwili wa mchezaji una miaka michache. Goti moja likiteguka, futi saba zote hulala kitandani, na atakachobaki nacho ni kile alichojifunza akiwa ameketi.

Mji wetu ni wa mpakani. Hapa kijana anaweza kupata fedha leo leo kwa kubeba mizigo au kubadilisha kwacha, na ndiyo maana darasa huonekana refu. Ndoto ya kikapu ni ndoto nzuri kuliko nyingi zinazopita barabara ile na malori. Kwa hiyo simwambii kijana aiache. Namwambia kwamba kwa ndoto hiyo hiyo yampasa kukijua Kiingereza vizuri kuliko mwenzake asiyecheza, na kuzijua hesabu, tangu kidato cha kwanza. Nanyi wazazi, mtoto akirudi kutoka mashindanoni mnamwuliza alifunga mara ngapi. Mwulizeni vivyo hivyo alipata ngapi katika jaribio la juma lile, na mkitajiwa dalali anayeahidi safari, mwulizeni kwanza kama ameomba kuona ripoti ya shule. Asiyeiomba hajui kazi yake, au anaijua mno.

Kanisa letu hukaa tupu siku za juma tangu alasiri, na taa zipo. Nimesema na Padri, naye amekubali viti vya nyuma vitumike Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi. Kiingereza nitafundisha mimi, na hesabu atafundisha mwalimu mwingine mstaafu wa parishi hii, bila malipo. Kijana aje na daftari, kalamu na ripoti yake ya mwisho, hata ikiwa mbaya. Mpira auache kwa mlinzi getini, atauchukua akitoka.