Mwenye Kulipa na Mwenye Usukani

Mtu akikodi mashua pamoja na nahodha wake, amenunua nini? Amenunua safari, hilo ni wazi. Amenunua mazuti, na nguvu za mota, na siku nzima ya jasho la mtu. Je, amenunua pia dhamiri ya yule ashikaye usukani?

Msidhani kwamba swali hili ni la watu wa pwani peke yao. Sisi wa Dilolo hatuna bahari. Bahari yetu ni Lobito, mwisho wa reli, karibu kilomita 1,350 kutoka mpakani, na wengi wetu tutakufa bila kuiona. Lakini mto twaujua. Kasai ni mpaka wetu na Angola kwa sehemu ndefu, na nani kati yetu aliyevuka mto wowote kwa mtumbwi asiyewahi kumwambia mwenye kasia, "Ongeza mmoja tu, twende"? Sisi wenyewe hatukujifunza swali hili katika kitabu. Tulijifunza safarini, katika Lualaba, na kwa aibu.

Miaka kadhaa imepita. Ndugu yetu alifia Kolwezi katika mwezi wa Machi, na mama yake mzee alikuwa Kikondja, kando ya ziwa la Kisale. Tukapeleka sanduku kwa lori hadi Bukama, maana tangu hapo Lualaba hupitika kwa vyombo mpaka Kongolo, zaidi ya kilomita 600. Lori likaharibika njiani. Tulitazamia kufika alfajiri, tukafika saa nane mchana. Pale ufukoni tukakodi mashua ya mbao yenye mota, yote nzima, sisi na msiba wetu, bila abiria wengine. Bei ikapatanwa. Ndipo kapiteni, kijana wa miaka thelathini hivi, akatazama mawingu kwa muda, akatugeukia akasema, "Wazee, poleni sana kwa msiba. Lakini leo siendi. Tutaondoka alfajiri."

Alitueleza sababu kwa adabu. Kuondoka saa ile maana yake ni kuingia Kisale usiku. Na Kisale si ziwa kama mengine: yako mafunjo yanayoelea, visiwa vizima vya mafunjo, upepo huvisukuma huku na huku, na njia iliyokuwa wazi asubuhi yaweza kuzibwa jioni. Mchana mtu huona, akazunguka. Usiku, katika mvua ya Machi, huona pale tu pua ya mashua imekwisha kujichoma ndani.

Mkubwa wetu akamwambia, "Mwanangu, maiti haingoji." Neno hilo lilikuwa la kweli, kwa joto lile. Kijana akainamisha kichwa, lakini hakusema ndiyo. Basi mkubwa wetu akatoa fedha, akazihesabu mbele yake: bei maradufu. Kijana akatazama mashua. Akamtazama msaidizi wake, na msaidizi alikuwa akizitazama fedha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema neno moja, "Pandeni."

Hatutasimulia usiku ule wote. Mvua ilitukuta mtoni, upepo ulitukuta ziwani. Tulikumba maji kwa sufuria za kupikia, wanaume na wanawake, na sanduku likiwa katikati yetu. Kwa muda wa saa mbili tulikwama katika mafunjo, mota imezimwa, tukisikia viboko wakipumua karibu. Tulifika Kikondja saa tisa za usiku. Mama mzee alikuwa amesimama ufukoni na taa. Tukamshukuru Mungu, tukamsifu kapiteni kuwa shujaa, na kila mtu akamwambia mwenzake: mnaona, tulifanya vema kushikilia.

Je, tulifanya vema? Mtu akivuka barabara amefumba macho, akafika ng'ambo mzima, hatusemi kwamba kufumba macho ni njia nzuri ya kuvuka. Tulifika, lakini kijana yule alikuwa na neno moja la thamani kuliko mashua yake, yaani lile "siendi", nasi tukamfundisha kwamba neno hilo lina bei.

Ziko nchi ambako kazi hii ya kukodiwa, mtu pamoja na chombo chake, imekuwa biashara kubwa, nazo zaweza kutuonyesha jambo hili wazi zaidi. Katika visiwa vya Karibi, mwaka 1949, jamaa ya Nicholson walitia nanga English Harbour, katika kisiwa cha Antigua, na jahazi lao Mollihawk, wakaanza kuwachukua wageni matajiri kwa malipo. Leo watu wengi mno hula mkate kwa kazi hiyo. Mgeni aweza kukodi chombo kitupu akakiendesha mwenyewe, au akakikodi pamoja na nahodha. Nahodha huyo ni mtumishi wa kila neno. Mgeni ndiye achaguaye kisiwa, na ghuba ya kulala, na saa ya kula. Nahodha hutengeneza mota, husafisha choo, husimulia hadithi, hucheka hata asipopenda. Na ajua kwamba mgeni ana ndege ya kumrudisha kwao siku fulani, na kwamba mgeni mwenye uso wa kununa hatoi bahashishi.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo mgeni hakulinunua. Mapatano ya mataifa juu ya usalama wa maisha baharini, yale ya mwaka 1974, katika masahihisho yake ya baadaye yaagiza kwamba mwenye chombo, wala mwenye kukikodi, wala mtu mwingine awaye yote, asimzuie nahodha kufanya lile analoliona, kwa ujuzi wake, kuwa la lazima kwa kuokoa maisha. Tazameni jinsi mwenye kukodi alivyotajwa. Waliotunga maneno yale walijua kwamba hatari haitoki mawinguni tu. Hutoka pia mfukoni mwa abiria.

Mwezi wa Oktoba 1998, tufani iliyoitwa Mitch ilipokaribia, jahazi kubwa la wageni liitwalo Fantome lilikatisha safari yake, na wageni wote wakashushwa Belize. Wako waliolipa kwa ajili ya siku nyingine za furaha. Hawakuulizwa kama wapenda kushuka. Nahodha akatoka tena na mabaharia wake ili kulikwepesha jahazi. Tufani ikageukia upande ambao hawakuutazamia, na watu 31 wakapotea pamoja na chombo. Hatutaki kuwahukumu waliokata shauri lile, sisi hatukuwapo. Twasema tu kwamba wageni walikuwa na mtu wa kuwashusha. Mabaharia hawana mgeni wa kuwasemea.

Labda mtu atatuambia: hayo ni mambo ya matajiri. Nahodha wa Lualaba akikataa, mashua ya jirani itaondoka na abiria wake, na watoto wake watalala na njaa. Tena mashua mara nyingi si yake. Mwenye mashua angoja hesabu ya siku, wala hataki kusikia habari za mawingu. Ni kweli, na ni vibaya kumhubiria ushujaa mtu mwenye njaa wakati sisi tumeshiba. Yule wa Karibi akikataa, hupoteza bahashishi. Huyu wetu hupoteza unga.

Lakini kwa sababu hiyo hasa twaona kwamba swali limewekwa mahali pasipofaa. Sikuzote twauliza: je, nahodha alikuwa na moyo wa kukataa? Hatuulizi: nani atalipa gharama ya kukataa kwake? Siku ile Bukama tulikuwa na fedha maradufu. Tulizitoa ili aondoke. Tungaliweza kuzitoa ili angoje. Fedha zilezile, mfuko uleule! Tungalimwambia, "Mwanangu, hii ni hesabu ya leo, umpelekee mwenye mashua, na sisi tutakesha hapa na maiti wetu mpaka alfajiri." Hata mmoja wetu hakufikiri hivyo. Tulidhani kwamba fedha zajua kusukuma tu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka katika ziwa la Kivu, ikiwa imekwisha kukaribia ufuko wa Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja jamaa zao. Gavana wa Kivu Kusini alitaja siku ile watu 278 ndani yake, na 78 waliokufa. Wengi walikuwa wamepanda kwa sababu vita ilikuwa imefunga njia ya nchi kavu. Tuliposikia habari hizo tulikumbuka sufuria zetu za kukumbia maji. Watu wakasema, nahodha ana kosa, mwenye mashua ana kosa, serikali ina kosa. Yawezekana wote wanalo. Nasi twaogopa kuuliza ni wangapi kati ya wale waliosimama ufukoni Minova waliosema, "Ongeza mmoja tu." Wala hatusemi hivyo ili kuwalaumu wafu, mtu akimbiaye vita hana nafasi ya kuchagua mashua. Sisi wa Bukama tulikuwa nayo.

Na tusidhani kwamba nahodha ni mtakatifu sikuzote na abiria mkosefu. Katika safari ya Paulo kwenda Roma mambo yalikuwa kinyume: abiria mfungwa ndiye aliyeonya, nahodha na mwenye merikebu wakataka kuendelea, na akida akawasikiliza hao. Merikebu ikavunjika. Basi "ndiyo" ya nahodha nayo yastahili kuulizwa, hasa tukijua ana deni kwa nani.

Baada ya maziko tulikaa Kikondja siku tatu. Siku ya kurudi kapiteni wetu alikuja mapema nyumbani kwa mama mzee, akasalimu, akakataa kiti. Akasema, "Wazee, nauli ya kurudi ni ile ya kawaida, sitaki zaidi. Ila saa ya kuondoka nitasema mimi." Mkubwa wetu akatazama chini, akajibu, "Vema, kapiteni." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, mpaka hapo alikuwa akimwita mwanangu.

Upepo ulivuma asubuhi ile. Tulikaa chini ya mwembe pamoja na mizigo yetu, mmoja akinung'unika kwamba atachelewa gari la moshi la Bukama, mpaka saa nne na nusu, alipokuja yule msaidizi mbio akatuita.